Kutoka Kamba ya Msonge hadi Bodi ya Jasi: Historia ya Makadirio ya Vifaa vya Nyumba katika Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

IKISIRI

Insha hii inachunguza namna wajenzi wa nyumba za kuishi katika Mkoa wa Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita walivyokadiria vifaa vya ujenzi, tangu enzi za nyumba ya msonge hadi kuenea kwa dari za bodi za jasi. Hoja kuu ni kwamba kila mfumo wa makadirio ulihesabu kwa makini kile kilichonunuliwa kwa fedha na kuacha kile kilichoonekana kupatikana bure. Kilichoachwa nje ya hesabu hakikutoweka. Kilirudi baadaye kama uhaba wa miti, kuta dhaifu, nyumba zilizobaki maboma na fidia isiyotosha. Kwa hiyo, makadirio yanastahili kusomwa kama chanzo cha historia ya jamii, si kama hesabu ya fundi pekee.

1. Utangulizi

Kila anayejenga hukutana na swali moja kabla ya kuchimba msingi: vifaa vitahitajika kiasi gani? Jibu lake huamua kama nyumba itakamilika kwa msimu mmoja au itasimama bila paa kwa miaka. Hata hivyo, swali hili limeacha alama chache katika kumbukumbu za maandishi. Sensa za mwaka 2002, 2012 na 2022 ziliuliza aina ya vifaa vilivyotumika katika paa, sakafu na kuta. Majibu yake huonyesha nyumba zimejengwa kwa nini. Hayaonyeshi mwenye nyumba alihesabuje, alikosea wapi, na nani alibeba gharama ya kosa hilo.

Eneo linalojadiliwa lina historia moja ya kiuchumi ingawa limegawanywa kiutawala. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kuunganisha maeneo yaliyokuwa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Bukombe na Mbogwe, kwa mfano, zilitoka Shinyanga. Kahama, iliyokuwa na machimbo ya dhahabu ya Bulyanhulu na Buzwagi, ilibaki Shinyanga. Pamba, mifugo, almasi na dhahabu vimeyafunga maeneo haya pamoja kwa karne nzima, na kila kimojawapo kimebadili namna ya kujenga na namna ya kukadiria.

2. Kamba, Nguzo na Mzigo wa Nyasi

Nyumba ya msonge ya Wasukuma ilipimwa kwa kigingi na kamba. Kigingi kilisimikwa katikati, kamba ikazungushwa, na duara likachorwa ardhini. Urefu wa kamba ulikuwa ndio kipimo kikuu, kwa kuwa ulibainisha ukubwa wa chumba na idadi ya nguzo kwa pamoja. Kwa mfano, duara lenye kipenyo cha mita 5 lina mzingo wa karibu mita 15.7, nguzo zikisimama kila baada ya nusu mita, zinahitajika 31 au 32, ukiondoa nafasi ya mlango. Mjenzi mzoefu hakuhitaji kuandika hesabu hiyo. Fito zilihesabiwa kwa matita, nyasi kwa mizigo, na udongo wa kukandika haukuhesabiwa kabisa, kwa sababu ulichimbwa hapohapo.

Nguvukazi nayo ilikuwa na kipimo chake. Vikundi vya vijana, basumba, vikiongozwa na nsumba ntale, viliitwa kufanya kazi za pamoja na kulipwa kwa chakula au mnyama wa kuchinjwa. Mwenye kaya alikadiria ukubwa wa nyumba sambamba na uwezo wake wa kuwalisha waliomsaidia.

Sifa kubwa ya mfumo huu ni kwamba kosa lake lilikuwa rahisi kurekebisha. Nguzo zikipungua, mtu alirudi porini kesho yake. Lakini urahisi huo ulitegemea pori kuwa karibu. Kuanzia miaka ya 1920, kazi ya kupambana na mbung'o iliyoongozwa na C. F. M. Swynnerton, na ambayo makao yake ya utafiti yalikuwa Old Shinyanga, ilihusisha ufyekaji wa vichaka katika maeneo makubwa. Kilimo cha pamba na ongezeko la mifugo viliendeleza ufyekaji huo. Hali ilifikia kiwango ambacho mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI, ambao uliimarisha utaratibu wa jadi wa kutenga malisho na miti uitwao ngitili. Nguzo ambayo babu aliiona kuwa ya bure ilikuwa imepata bei, na bei hiyo ilijumuisha umbali.

3. Bati Laleta Pembe Nne

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Shinyanga. Reli hiyo iliyosafirisha pamba kwenda pwani iliweza pia kuleta mabati na saruji. Fedha za pamba ziliongezeka katika miaka ya 1950, na mwaka 1955 vyama vya ushirika vya wakulima viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Kwa kaya iliyouza pamba vizuri, paa la bati likawa alama ya mafanikio.

Bati lilibadili umbo la nyumba, na pamoja nalo mantiki ya makadirio. Karatasi ya bati ni mstatili. Haikai vyema juu ya duara. Mjenzi aliyetaka bati alilazimika kujenga nyumba ya pembe nne. Zaidi ya hayo, hesabu ilianza kufanywa kutoka juu kwenda chini. Katika msonge, kamba ya msingi ndiyo iliyoamua ukubwa wa paa. Katika nyumba ya bati, idadi ya mabati ambayo mwenye nyumba aliweza kununua ndiyo iliyoamua urefu wa kuta. Kipimo cha nyumba kikahama kutoka uwanjani kwenda dukani.

Migodi iliongeza mfano mwingine. John Williamson aligundua almasi Mwadui mwaka 1940, na mgodi ukajengewa mji wake wenye makazi ya wafanyakazi. Mgodi wa zamani wa Geita nao ulikuwa na makazi yake hadi ulipofungwa mwaka 1966. Katika makazi ya kampuni, ramani moja inaweza kurudiwa mara nyingi, na orodha ya vifaa ikizidishwa kwa idadi ya nyumba. Makadirio ya namna hii yalikuwa kazi ya ofisi: mfanyakazi aliyeishi humo hakuhesabu tofali wala bati. Hivyo basi, kufikia uhuru palikuwa na elimu mbili za makadirio katika eneo moja. Ya kaya, iliyokaa kichwani mwa fundi, na ya kampuni, iliyokaa katika karatasi. Zilikutana kwa nadra.

4. Orodha na Kibali, 1967–1985

Baada ya Azimio la Arusha, dola yenyewe ilitaka kuwa mshauri wa ujenzi. Kitengo cha Taifa cha Utafiti wa Ujenzi kilianzishwa mwaka 1971, na Benki ya Nyumba Tanzania mwaka 1973. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 ilizitaka kaya nyingi za Shinyanga kuhama na kujenga upya kwa muda mfupi. Kaya iliyohamishwa ilikadiria kwanza muda, kisha vifaa. Nguzo na mabati ya nyumba ya zamani yalibebwa pale ilipowezekana, na pengo lilizibwa kwa kilichopatikana karibu. Mzigo wa makadirio hayo ya haraka uliangukia miti iliyobaki kuzunguka vijiji vipya.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio, Mwalimu Nyerere alilalamikia mazoea ya kuona kwamba nyumba haiwezi kuwa bora bila saruji na bati, ilhali udongo wa kuchoma ulikuwapo. Lawama hiyo ilikuwa na msingi wa kiuchumi. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza mwaka 1966, kiko karibu kilomita elfu moja kutoka Shinyanga. Katika kila mfuko uliofika Kanda ya Ziwa, mnunuzi alilipia pia safari.

Upungufu wa bidhaa ulipokithiri mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, saruji na mabati viligawiwa kwa vibali kupitia kampuni za biashara za mikoa. Makadirio yakapata kazi mpya: yakawa hoja ya kumshawishi mgawaji. Aliyeomba kidogo alihatarisha kukwama. Aliyeomba kingi alihatarisha kunyimwa. Katika mazingira hayo, idadi iliyoandikwa katika ombi haiwezi kuchukuliwa na mtafiti kama kielelezo cha mahitaji halisi. Inaeleza zaidi uhusiano wa mwombaji na ofisi kuliko ukubwa wa nyumba yake.

5. Duara na Matimba

Biashara ilipolegezwa na wachimbaji wadogo wakaongezeka katika miaka ya 1980 na 1990, makazi yaliota katika maeneo kama Nyarugusu, Rwamgasa, Mgusu na Kakola. Nyumba za mwanzo zilikuwa za fito, maturubai, nyasi na mabanzi ya mbao. Mchimbaji aliyekuwa tayari kuhamia machimbo mengine habari za dhahabu zikimfikia hakuwa na sababu ya kukadiria nyumba ya miaka ishirini.

Hata hivyo, palikuwa na makadirio mengine yaliyofanywa kwa uangalifu mkubwa. Shimo la dhahabu, liitwalo duara, huzuiwa lisiporomoke kwa magogo yanayoitwa matimba. Kila hatua ya kina ilihitaji matimba yake, na mwenye duara alijua kwamba kupunguza idadi ni kuhatarisha uhai. Mti uleule ukawaniwa na duara, tanuri la tofali, jiko la mkaa na nguzo ya nyumba. Katika ushindani huo nyumba ilishindwa, kwa kuwa dhahabu ililipa mapema zaidi. Ni mojawapo ya sababu za kuhama kutoka fito kwenda tofali, pamoja na tamaa ya kuwa na nyumba ya kisasa.

Uchimbaji mkubwa uliporejea, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, mishahara na zabuni zilikuza miji ya Geita na Kahama. Kupanga chumba kukawa biashara, na ujenzi wa nyumba za vyumba vya kupangisha ukaongeza mahitaji ya fundi aliyeweza kusema kwa kinywa, kabla ya kazi kuanza, kwamba nyumba itachukua tofali kadhaa, mifuko kadhaa na mabati kadhaa. Taaluma rasmi ya ukadiriaji majenzi ilikuwa tayari imewekewa sheria ya usajili mwaka 1997, iliyofuatwa na nyingine mwaka 2010. Lakini kaya ya kawaida iliendelea kumtegemea fundi, aliyekuwa mkadiriaji, mjenzi na mara nyingine mnunuzi kwa wakati mmoja. Kuunganishwa kwa kazi hizo tatu kulimpunguzia mwenye nyumba gharama, lakini kulimwondolea pia mtu wa kuihakiki hesabu.

6. Ukuta Usiohesabiwa: Mwakata, 2015

Tofali ni kifaa kinachodanganya mkadiriaji. Tofali la saruji la inchi 6 lina vipimo vinavyojulikana, na mafundi huhesabu 9 hadi 10 kwa mita ya mraba ya ukuta. Tofali la udongo hutegemea kalibu ya aliyelifyatua; kalibu mbili katika kijiji kimoja zinaweza kutoa idadi tofauti kwa ukuta uleule. Ndiyo maana mnunuzi huuliza pia ukubwa wa tofali, si bei ya elfu moja pekee. Ubora nao hujificha ndani ya idadi. Anayetoa tofali 60 kwa mfuko wa saruji ametumia nusu ya saruji ya anayetoa 30, ingawa katika orodha ya makadirio wote wawili wameandika tofali zilezile.

Uchomaji una gharama nyingine. Katika maeneo ya mpunga ya Shinyanga na Kahama, pumba za mpunga zimetumika kuchomea tofali pamoja na kuni au badala yake. Pale ambapo nishati hiyo haikupatikana au haikumudika, ukuta ulijengwa kwa tofali mbichi. Ukuta wa aina hii unaweza kudumu miaka mingi ukikingwa dhidi ya maji. Kinga yake ni vitu viwili: msingi ulioinuka na paa lililotokeza nje ya kuta. Vyote viwili ndivyo hupunguzwa kwanza fedha zinapopungua.

Hesabu huonyesha sababu. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ina eneo la mita za mraba 48. Paa likitokeza sentimita 30 kila upande, eneo la kuezeka, kabla ya kuongeza mwinuko, huwa mita za mraba 56.76. Likitokeza sentimita 60, huwa 66.24. Tofauti ya karibu mita za mraba 9 na nusu haiongezi hata chumba kimoja. Machoni pa mwenye nyumba, hayo ni mabati yasiyomlaza mtu. Kwa ukuta wa udongo, ndiyo uhai wake.

Usiku wa tarehe 3 Machi 2015, mvua kubwa ya mawe na upepo iliipiga Mwakata, wilayani Kahama. Makumi ya watu walipoteza maisha, wengi wakifukiwa na nyumba zilizoangukia ndani, na kuta nyingi zilikuwa za tofali za udongo. Haitakuwa sahihi kulifanya tukio hilo kuwa kosa la hesabu. Mvua ile haikuwa ya kawaida, na umaskini haurekebishwi kwa ushauri wa fundi. Lakini tukio hilo linaonyesha kwa uchungu kile ambacho orodha ya vifaa haikionyeshi. Makadirio ya kaya maskini yalikuwa sahihi kwa maana ya kwamba nyumba ilikamilika kwa fedha zilizokuwapo. Hayakuwa na mstari wa hatari.

7. Bodi ya Jasi na Hesabu ya Vipande

Ubao wa jasi uliofunikwa kwa karatasi una asili ya karne ya 19. Augustine Sackett alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1894. Huko ulienea kama kifaa cha kuta. Katika miji ya Kahama, Shinyanga na Geita bodi ya jasi, ambayo mafundi huiita jipsamu, imepokelewa zaidi kama dari, na kwa kiasi kidogo kama ukuta wa kugawa duka au ofisi. Tofauti hiyo ina maana kihistoria: ukuta wa nje umebaki kuwa kazi ya tofali, na jasi imechukua nafasi ya mapambo ya ndani na alama ya hadhi, nafasi iliyoshikwa na bati miaka ya 1950.

Kwa mkadiriaji, bodi hii inaonekana kuwa kifaa rahisi kuliko vyote. Ukubwa wake wa kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, yaani mita za mraba 2.88. Inaonekana inatosha kugawa eneo la dari kwa 2.88. Chumba cha mita 3.6 kwa 3.6 kina mita za mraba 12.96, sawa na bodi 4 na nusu kamili. Safu tatu za upana wa mita 1.2 hujaza chumba bila mabaki, na nusu ya bodi ya tano hutumika chumba cha pili.

Chumba cha mita 3 kwa 3 husema jambo jingine. Eneo lake ni mita za mraba 9, na mgawanyo hutoa bodi 3.125. Lakini bodi haziwekwi kwa mgawanyo. Huwekwa kwa safu. Safu mbili kamili zenye urefu wa mita 3 huchukua bodi mbili nzima na vipande viwili vya mita 0.6 kwa 1.2 kutoka bodi ya tatu. Mabaki ya bodi hiyo hujaza mita 2.4 tu za safu nyembamba ya mwisho. Bodi ya nne lazima ikatwe kwa ajili ya kipande cha mita 0.6 kwa 0.6. Bodi nne zina mita za mraba 11.52, zaidi ya moja ya tano ya kilichonunuliwa hubaki, na viungo vya kuzibwa huongezeka. Chumba kidogo cha kaya yenye kipato kidogo hupoteza sehemu kubwa zaidi kuliko chumba kipana cha jirani yake.

Chanzo cha hasara hiyo si uzembe wa fundi. Kuta zilipangwa kwa tofali na mabati, wakati mwingine kwa futi na inchi, miaka mingi kabla ya mwenye nyumba kufikiria jasi. Mbao za dari huitwa mbili kwa mbili kwa inchi, bati huulizwa kwa futi, bodi huuzwa kwa milimita. Ndani ya chumba kimoja hukutana vipimo vya enzi tatu, na mabaki ya jasi sakafuni ni ushahidi wa kukutana huko. Katika kaya inayojenga kwa awamu, makadirio ya dari hufanywa baada ya kuta kwisha, wakati uamuzi ulioathiri idadi ya bodi hauwezi tena kubadilishwa.

8. Makadirio ya Fidia

Upo wakati ambapo nyumba huhesabiwa kwa mara ya pili, nao ni pale inapopisha mgodi au barabara. Kanuni za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ziliweka msingi wa fidia, zikijumuisha thamani ya mali pamoja na posho za usumbufu, usafiri na makazi. Katika utendaji, thamani ya jengo imekuwa ikipatikana kwa kukadiria gharama ya kulijenga upya na kupunguza uchakavu.

Hapa ukimya wa makadirio ya mwanzo hurudi kwa mwenye nyumba. Tofali alizofyatua na familia yake, maji yaliyotekwa kwa miezi, udongo wa uwanjani na kazi ya ndugu havina stakabadhi. Uchakavu wa ukuta wa tofali mbichi hukatwa, lakini tofali mpya hununuliwa kwa bei ya leo. Kaya iliyojenga kwa nguvukazi yake inaweza kulipwa kwa kanuni sahihi na bado ikashindwa kusimamisha nyumba ya ukubwa uleule mahali pengine. Kwa sababu hiyo, mabishano kuhusu fidia hayapaswi kusomwa tu kama mabishano ya bei. Ni mabishano kuhusu kile kinachostahili kuingia katika hesabu.

9. Hitimisho

Mapitio haya yameonyesha kwamba makadirio ya vifaa katika Shinyanga na Geita hayakuendelea kwa mstari ulionyooka kutoka ujinga kwenda usahihi. Kamba ya msonge ilikuwa sahihi kwa mazingira yenye miti karibu, na ilipoteza nguvu miti ilipotoweka. Bati lilileta hesabu ya dukani, kibali kikaifanya hesabu kuwa ombi, na ukanda wa dhahabu ukaweka duara na nyumba katika ushindani wa mti mmoja. Bodi ya jasi imeleta kifaa chenye vipimo visivyobadilika, na kwa kufanya hivyo imeonyesha kuwa kuta zenyewe zilipangwa kwa mantiki nyingine.

Katika vipindi vyote, kilichoachwa nje kilikuwa na mwenyewe: pori la kijiji, kazi ya wanafamilia, kinga ya ukuta dhidi ya mvua. Mtafiti anayekutana na orodha ya vifaa vya nyumba, iwe ya fundi, ya ofisi au ya mthamini, anapaswa kuisoma mara mbili. Kwanza kwa kile kilichoandikwa, kisha kwa kile ambacho mwandishi wake hakuona sababu ya kukiandika. Usomaji wa pili ndio unaoeleza kwa nini nyumba mbili zilizohesabiwa vifaa sawa zilipambana na mvua ileile, moja ikasimama na nyingine ikaanguka.